Mjadala: Je, sisi wa kandokando ya Ziwa tuunge mkono kuongezwa kwa visima vya gesi baharini?

Mleta mada (Igombe, Mwanza):

Ndugu zangu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mazungumzo ya hapa mwaloni hurudi palepale: nchi imejaliwa gesi chini ya bahari, basi ichimbwe haraka ili petroli ya injini za mitumbwi ishuke bei. Mimi naipinga kauli hiyo. Siuchukii uchimbaji, ila naona tunatoa ridhaa juu ya jambo tusilolielewa, tena juu ya bahari ya watu wengine.

Kilichogunduliwa kwenye kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara tangu mwaka 2010 ni gesi asilia, si mafuta ghafi. Kati ya futi za ujazo trilioni 57 zinazokadiriwa kuwepo nchini, takriban trilioni 47 ziko huko, na mpango mkuu ni kuigeuza kuwa kimiminika Likong'o, Lindi, na kuiuza nje. Petroli yetu huagizwa kutoka ng'ambo kwa bei ya soko la dunia. Hata visima hivyo vikiongezwa maradufu, mvuvi wa Igombe atalipa bei ileile. Anayeunga mkono kwa ajili ya mapato ya taifa au umeme ana hoja halali, lakini hiyo si hoja ninayoisikia hapa.

Linalonisumbua zaidi ni wepesi wa maoni yetu. Tarehe 31 Machi 2010 Rais Barack Obama alitangaza kufungua maeneo mapya ya uchimbaji katika bahari za Marekani, ambako bei kubwa za mafuta za mwaka 2008 zilikuwa zimewafanya wengi waunge mkono uchimbaji huo. Tarehe 20 Aprili mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa, mafuta yakamwagika kwa siku 87, na uungaji mkono ule ukaporomoka ndani ya miezi michache. Ndiyo maana naomba kila anayesema "chimbeni" ajiulize kama angesema hivyo iwapo mtambo ungesimikwa kati ya Igombe na Ukerewe, katika ziwa lenye wastani wa kina cha mita 40, ambalo maji yake yananywewa Mwanza, Shinyanga, Kahama hadi Tabora.

Mchangiaji (Nyegezi):

Kaka, nakuheshimu, lakini mfano wako haulingani na jambo lenyewe. Gesi ikivuja hainati kwenye nyavu kama mafuta ghafi. Songo Songo, kule Kilwa, imetoa gesi tangu mwaka 2004, na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi, ukiwemo ule unaoendesha viwanda vyetu vya sangara. Tukingoja kila mtu aridhike, gesi itabaki chini huku dunia ikihamia nishati nyingine, na hapo wa Lindi na wa Mwanza tutakuwa tumekosa wote.

Mleta mada:

Kuhusu gesi na nyavu nakubaliana nawe, ingawa kilicholipuka kwanza kule Marekani kilikuwa gesi iliyopanda kutoka kisimani. Hata hivyo, hoja yako ya umeme ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa kuwa inaonyesha kwamba sisi wa bara ni wanufaika wakati bahari ni ya wengine. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na vurugu za Januari na Mei zikagharimu maisha. Nijuavyo mimi, wengi wao hawakukataa gesi kuchimbwa. Walidai kujua watabaki na nini. Bomba lilikamilika mwaka 2015, na sisi huku tuliwaita wabinafsi.

Wavuvi wa Kilwa, Lindi na Mtwara wakiulizwa kwanza, wakaonyeshwa kwa maandishi maeneo watakayozuiwa kuvua na fidia itakayolipwa, kisha wakakubali, nami nitaunga mkono visima vipya. Kabla ya hapo, ridhaa yangu kutoka Igombe haina uzito wowote, na naomba isihesabiwe.