Grupu la WhatsApp, Telegram, Facebook au imeili: shirika dogo la kujitolea likomae na ipi?

katibu_bila_mshahara
Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie kulinganisha maana huku kwetu kila kikao tunabishana jambo hilohilo. Sisi ni shirika dogo, tuko watu sita, tunafundisha lugha ya alama kwa wazazi wenye watoto viziwi. Tuna wazazi kama 300 hivi, baadhi yao nao ni viziwi, halafu kuna wachangiaji na marafiki wa shirika kama 120, wengine wako nchi za mbali. Mpaka sasa tuna grupu moja la WhatsApp ambalo kila mtu kaingizwa humohumo, na ukurasa wa Facebook ambao mara ya mwisho kuposti ni miezi minne iliyopita.

Grupu limetushinda. Wiki jana nimeweka tangazo asubuhi na mapema kwamba darasa la Jumamosi limehamia ukumbi mwingine. Chini yake, ndani ya saa moja: picha tatu za maua na "asubuhi njema", mtu anauza viatu, rambirambi, "amina" kama thelathini, na voisi moja ya dakika nne. Jumamosi wazazi 11 wakaenda ukumbi wa zamani wakasimama nje na watoto. Na kinachoniuma zaidi, ile voisi ya dakika nne ilikuwa ya mwenyekiti wetu anafafanua kuhusu ukumbi, wakati kati ya wale 11 waliosimama nje sita ni viziwi.

Sasa mweka hazina anataka tuhamie Telegram, kijana wetu wa kujitolea anasema Facebook ndiko watu waliko, mwenyekiti anataka tovuti "ya kisasa", mimi nawaza jarida la imeili. Tuchague lipi?

mzee_wa_jedwali
Katibu, hapo una maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja ndo maana kikao hakiishi. Mzazi anataka kujua Jumamosi aende wapi. Mchangiaji anataka kujua hela yake imefanya nini. Wa kwanza akichelewa kupata habari saa tatu umemharibia siku, wa pili hata akisoma baada ya wiki hakuna kilichoharibika. Hawa hawawezi kukaa chumba kimoja, na wachangiaji wanaona namba za simu za wazazi wote humo, hilo peke yake lilitosha kuwatenganisha.

Kwa wazazi usihamishe mtu. Ingia kwenye mipangilio ya grupu weka admini tu ndio waandike, hiyo ipo tangu 2018 na bado makatibu wengi hawajawahi kuibonyeza. Halafu fungua grupu la pili la maongezi, maua yahamie huko, asiyetaka maua asiingie. Grupu moja la WhatsApp linabeba watu 1,024, nyie mko 300, kwahiyo ukubwa sio tatizo lenu.

kidole_gumba
Mweka hazina wenu yuko sahihi bwana, mmsikilize. Telegram grupu linabeba watu 200,000, chaneli haina kikomo kabisa, mtu akijiunga leo anaona matangazo ya nyuma yote, na video inabaki kwao sio lazima ijaze simu. Kwa watu wa video za alama kama nyie hiyo ndo dawa.

mama_sauti_ndogo
@kidole_gumba unayosema ni kweli kabisa na sisi tuliyaamini hayohayo tukahama. Watu 90. Baada ya mwezi waliokuwa wamehama ni 17, na hao 17 ndio walewale ambao hata kwa sms walikuwa wanajibu. Wengine simu imejaa hawana pa kuweka programu mpya, wengine walisema wataweka kesho, mmoja aliweka akawa anadhani bado yuko WhatsApp akashangaa watu wameenda wapi. Tukajikuta tunaposti sehemu mbili kila tangazo mpaka tukachoka tukarudi.

Na kitu kingine, maongezi ya kawaida ya Telegram hayajafungwa mwisho kwa mwisho (yaani hata wenye programu wasiweze kuyasoma) jinsi ya WhatsApp yalivyofungwa, mpaka ufungue yale ya siri ambayo ni ya watu wawili tu. Sisemi ni vibaya ila kama wazazi wanaongea habari za afya za watoto humo, mjue.

kidole_gumba
Hilo la watu kugoma kuhama nakubali, limenikuta pia 😅 ila ubora wake siufuti.

chura_kimya
TikTok tu, msijichoshe.

mama_sauti_ndogo
@chura_kimya wazazi 300 waambiwe ukumbi umehama kwa TikTok? Haya.

fundi_wa_matangazo
Katibu kabla hujashawishika na mtu yeyote kutumia ile orodha ya matangazo ya WhatsApp (ile unachagua namba nyingi unatuma meseji moja inawafikia kila mmoja inboksi), jua mambo mawili. Mwisho ni namba 256 kwa orodha. Halafu, na hapa ndo wengi wanaumia bila kujua, meseji inamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Nilikaa mwaka mzima nikiwalaumu watu kwamba wanapuuza kumbe theluthi yao hawajawahi kupata hata meseji moja.

Chaneli ya WhatsApp, ile iliyotoka 2023, hiyo wafuasi hawaonani namba, ni nzuri kwa kutangaza mambo ya wazi. Ila imeundwa kwa ajili ya kutangaza, sio kuongea na mzazi mmojammoja, na huwezi kupanga orodha ukaona nani kapata nani hajapata. Kwa tangazo la ukumbi mimi nisingeitegemea.

Na mwambieni mwenyekiti voisi basi. Tangazo liwe maandishi mistari mitatu, siku, saa, mahali, chini yake video fupi ya mtu anaalamisha hayohayo. Akitaka kuongea aongee kwenye kikao.

katibu_bila_mshahara
@fundi_wa_matangazo hiyo ya kusevu namba imenifungua macho, nilijaribu mwaka juzi nikajua watu wananinunia. Mwenyekiti nitamwambia kwa adabu, ni mtu mzima na ndiye anayetupa ofisi.

Facebook vipi, tuuache ukurasa ufe?

kamera_moja
Usiuache ufe lakini usiutegemee. Mwanzoni mwa 2018 Facebook walitangaza kwamba wanatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa, na mimi niliyekuwa nasimamia ukurasa wa shirika letu niliona kwa macho, ukurasa wa watu 2,000 na ushee posti inaonwa na watu 60, 70, basi. Ukitaka ionwe zaidi unalipia. Kwahiyo kama kuna mzazi anayetegemea Facebook ajue ukumbi umehama, huyo atasimama nje na wale 11.

Faida yake ni nyingine. Mtu akisikia jina lenu anakwenda kutafuta kama mpo kweli. Akikuta mara ya mwisho mmeposti miezi minne iliyopita anajua mmeshakufa. Posti moja kwa wiki mbili inatosha, na mnaweza kukaa siku moja mkapanga za mwezi mzima zijitume zenyewe.

Sasa niulize swali la kuudhi: nani ana ufunguo wa huo ukurasa? Sisi uliofungua ni binti mmoja wa kujitolea, kwa akaunti yake mwenyewe, akapata kazi mbali, simu ikapotea, namba ikafungwa. Ukurasa upo mpaka leo una namba ya zamani na picha ya jengo tulilohama, hatuwezi kuugusa, na watu bado wanautumia meseji. Tumefungua wa pili na kila mgeni anaingia ule wa kwanza. Wekeni admini wawili au watatu leo, sio kesho.

mzee_wa_jedwali
Naongezea hapo kwa @kamera_moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram vilizima kwa pamoja karibu saa sita, maana vyote ni vya mwenye mali mmoja. Siku hiyo sisi tulikuwa na shughuli na wageni wamealikwa kupitia grupu. Aliyetuokoa ni mama mmoja mtunza daftari ambaye tulikuwa tunamcheka kwa kuandika namba za watu kwa kalamu. Alikaa akatuma sms moja moja. Tangu hapo mimi nina jedwali moja tu la Excel: jina, namba, imeili, anapenda kufikiwa kwa njia gani, na alikubali lini tumtumie habari. Grupu sio orodha. Siku admini akifungiwa namba, grupu linaondoka na watu wako.

Katibu kwa wale 120 imeili ni sahihi kabisa. Wako mbali, masaa tofauti, na wana mazoea ya kusoma imeili. Gmail ya kawaida inaruhusu kutuma kwa watu 500 kwa siku, nyie hamjafika hata nusu, kwahiyo hamuhitaji kulipia chochote kuanza. Ila anwani zote ziwekwe kwenye Bcc, ile sehemu ambayo wapokeaji hawaonani anwani!! Kuna siku mweka hazina wetu aliziweka zote kwenye "Kwa", mchangiaji mmoja akajibu wote akilalamika kuhusu risiti yake, wengine wakajibu wote wakiomba watolewe, ilikuwa aibu ya wiki nzima.

mama_sauti_ndogo
Na hiyo barua iwe barua, sio ripoti. Habari moja. Sisi tulikuwa tunatuma kurasa nne za "shughuli zilizotekelezwa" hakuna aliyejibu hata mmoja. Siku moja nimechelewa nikaandika aya mbili tu kuhusu baba mmoja aliyejifunza kumuuliza mwanawe "umeota nini?" kwa mara ya kwanza, na picha ya mikono yao, sura hazionekani. Majibu tisa. Chini andika wazi kwamba asiyetaka tena ajibu neno moja atatolewa, na ukiambiwa toa kweli.

fundi_wa_matangazo
Kuhusu tovuti ya mwenyekiti: kuna vitu vya bure kwa mashirika yaliyosajiliwa, wanahakiki usajili wenu kwanza na sio kila nchi. Google wana mpango wao, mnapata imeili zenye jina la shirika na hifadhi ya mafaili bila kulipa. Canva nao wanatoa ile ya kulipia bure kwa mashirika, inafaa kwa mabango.

Ila humohumo kwa Google kuna matangazo ya bure ya mpaka dola 10,000 kwa mwezi na mwenyekiti akiiona hiyo namba hatalala. Mwambieni sio hela, ni matangazo ya maandishi kwenye matokeo ya utafutaji, yanahitaji muwe na tovuti ya kueleweka, na wanataka angalau asilimia 5 ya wanaoyaona wayabonyeze, ukishuka miezi miwili mfululizo wanaweza kukusimamishia akaunti. Inataka mtu wa kukaa nayo. Watu sita wa kujitolea, mimi ningeiacha kwanza.

kamera_moja
Kwa video za alama, nimerekodi sana: ukuta usio na maua wala kalenda nyuma, nguo ya rangi moja inayotofautiana na mikono, taa au dirisha liwe mbele ya anayealamisha, sio mgongoni. Simu iwe mbali kiasi kwamba viwiko vinaonekana hata akipanua mikono, maana watu wanakata fremu kama vile wanarekodi mwimbaji na neno zima linapotelea nje. Sekunde 40 zinatosha. Watoto wasionekane bila mzazi kukubali kwa maandishi, na akibadilisha mawazo ifutwe bila maswali.

katibu_bila_mshahara (baada ya wiki mbili)
Wakuu nimerudi. Tumefanya hivi: grupu la wazazi admini tu wanaandika, maongezi yana grupu lake, wachangiaji wametolewa wamehamia imeili na barua ya kwanza imekwenda, Bcc nimehakiki mara tatu. Jedwali nimeanza, namba 40 hivi kwenye grupu sijui ni za nani mpaka sasa. Facebook nimegundua admini alikuwa mmoja, yule kijana, tumeongeza wawili. Telegram mweka hazina kakubali kusubiri, tovuti mwenyekiti hajakubali ila kanyamaza.

Tangazo la Jumamosi hii: mistari mitatu na video ya sekunde 35, mwenyekiti mwenyewe ndiye kaalamisha. Kakosea alama ya "ukumbi" tukarudia mara nne. Wote wamefika mahali sahihi isipokuwa mmoja, huyo simu ilikuwa kwa fundi.

Yule mama wa maua hajaingia grupu la maongezi. Ananitumia mimi inboksi, kila asubuhi saa 11 na nusu.