Milfei: tabaka zinalowa, kastadi inakuwa uji

Swali (Moshi): Wakuu, napanga milfei (kitindamlo cha tabaka kavu za unga wa siagi) ya kastadi na pasheni asubuhi, mchana imeshalegea. Shida nini?

Jibu: Kastadi haijaiva. Kwa maziwa nusu lita: viini 4, sukari gramu 100, konflawa gramu 40. Ikianza kutoa mapovu mazito usiepue, koroga dakika 1 hadi 2 zaidi. Viini vina kimeng'enya kinachovunja wanga wa konflawa. Kisipouawa na moto, kastadi iliyoshika vizuri inalegea ikikaa.

Jibu (Arusha): Na tabaka je? Oka katikati ya trei mbili, nyuzi 200, dakika 25 au zaidi, mpaka ndani kuwe kahawia. Dhahabu ya juu inadanganya. Nyunyiza sukari ya unga, rudisha nyuzi 220 iyeyuke ing'ae. Ndiyo inayozuia unyevu. Kwa joto la Moshi kunja unga na siagi yake alfajiri, friji dakika 30 kila baada ya mikunjo miwili. Siagi ikitokeza, simama hapo hapo.

Jibu: Pasheni ina maji mno, dada. Weka stroberi zilizokaushwa kwa kitambaa. Kata vipande kabla ya kupanga, panga saa moja kabla ya kula.