Nimeuziwa Aston Martin ya James Bond "ya 1965" ambayo haiingii hata kwenye boksi lake!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kuna jamaa hapa Dar anauza vigari vya chuma vya kukusanya, vile vya filamu na tamthilia: Batmobile, DeLorean, gari la Ghostbusters, na zile za Fast & Furious ambazo vijana wanazigombania. Jina na ukurasa wake siviweki kwa sasa, nimempa mpaka Ijumaa. Huyu bwana alitangaza Corgi (kampuni ya Uingereza ya vigari vya kuchezea) namba 261, Aston Martin DB5 ya James Bond, "toleo la kwanza la 1965, boksi lake, bahasha yake, haijachezewa". Bei laki sita na nusu. Nikatuma hela yote, maana gari hilo si la kukutana nalo kila siku Kariakoo.

Mzigo ukaja. Gari limeviringishwa kwenye gazeti, boksi liko peke yake kwenye mfuko mwingine. Nikashangaa, boksi lipo, kwa nini gari halimo ndani? Nimejaribu kuliingiza ndipo nikaelewa. Haliingii! Mkia mzima unabaki nje. Eti vitu viwili vimekaa pamoja tangu 1965, na havijawahi hata kuonana!

Nikachukua rula. Corgi 261 ilitengenezwa kwa uwiano wa 1:46, yaani gari halisi limepunguzwa mara 46, urefu wake haufiki sentimita 10. Hili la kwangu linapita 12. Anayezijua Corgi ameshacheka hapo. Huo ni ukubwa wa namba 271, ya uwiano wa 1:36, iliyoanza kutoka 1978. Gari zuri tu, nalo lina watu wake, lakini lilitoka na rangi ya fedha na kwa bei haligusi 261 hata kidogo. Jamaa kalichukua kalipiga rangi ya dhahabu, basi, limekuwa la 1965.

Na angelipaka vizuri, ningesema angalau ni fundi. Fungua kile kifuniko cha paa: kingo za ndani bado ni fedha tupu. Mistari ya milango imezibwa na rangi mpaka huioni, kuna na tone limeganda chini ya taa ya mbele. Geuza sasa. Ribiti za kiwandani, vile vipini vya chuma vinavyoshika tumbo la gari, zimetobolewa kwa drili na mahali pake zimekaa skrubu mpya zinazong'aa, na maandishi ya tumboni yamesagwa kwa msasa kisha pakapakwa nyeusi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu aliyenunua kitu bila kukijua hasagi maandishi. Anayesaga anajua kilichoandikwa pale na hataki ukisome.

Ile bahasha ya siri ya 261 ilikuwa na maelekezo, jambazi wa akiba (kisanamu kidogo) wa kukaa kwenye kiti kinachorushwa, na stika ya 007. Ya kwangu ina karatasi moja ya fotokopi. Jambazi wa akiba hayupo, nadhani kabaki dukani anapokea hela.

Nikampigia. Kwa upole kabisa, mbona. Akaniambia: "Kaka, kwenye filamu gari lilikuwa la dhahabu, ndiyo maana na hili ni la dhahabu. Mimi hizi kazi nazijua." Hazijui! Kwenye filamu ya Goldfinger ya 1964, DB5 ya Bond ni ya fedha. Corgi ndio walioamua kuitoa yao kwa dhahabu, kwa sababu chuma kile kikipakwa fedha kilionekana kama bado hakijapakwa kitu. Ya fedha wakaja kuitoa 1968 kwa namba 270. Anayejiita mtaalamu wa Bond halafu hilo hajui, anauza nini?

Najua watakuja wale wa "mtu mzima unalilia toi". Njooni tu. Hilo gari lilitengenezwa Swansea, Wales, na mwaka huohuo wa 1965 likapewa tuzo ya toi bora ya mwaka Uingereza. Unabonyeza kitufe cha ubavuni, paa linafunguka na jambazi anaruka. Unabonyeza ekzosi, kinga ya risasi inapanda nyuma. Bunduki mbili zinachomoza mbele. Vyote hivyo ndani ya kitu unachokifumbata mkononi. Wewe unayenunua jezi kila msimu umeulizwa?

Na mchezo wenyewe hauishii kwenye Corgi. Hata Hot Wheels za juzijuzi mjini hapa zinachezewa: mtu anachukua gari la kawaida, anang'oa matairi ya plastiki anaweka ya mpira, anakuuzia kama Super Treasure Hunt, yale matoleo adimu ya Hot Wheels. Muulize rangi ya Spectraflame, ile ya kung'aa ya matoleo hayo, iko wapi, anaanza kukuita "boss".

Ninachotaka ni kimoja, hela yangu yote irudi, na nauli ya boda aliyeleta juu yake. Habari za "tutakupa punguzo kwenye mzigo ujao" nimezikataa na nazikataa tena hapa. Meseji zote ninazo, tangazo nimelipiga picha kabla hajalifuta (ameshalifuta), na muamala upo. Ijumaa ikipita, picha zote naziweka kwenye uzi huuhuu, ya tumboni ikiwa ya kwanza.

Halafu kuna aliyenunua kwake Batmobile mwezi uliopita, ile aliyoitangaza kuwa ni Corgi 267 ya 1966. Mkuu, kama upo humu, ligeuze hilo gari sasa hivi, uniambie chini kuna ribiti au kuna skrubu.