Choo kimeziba na Jumapili nina ugeni: hii springi ya kuzibulia inatumiwaje?

Kidoti_Tabata: Wakuu habari za usiku. Naomba msaada wa haraka, matusi yawekeni akiba. Choo cha ndani, cha kukaa, kimeziba tangu jana asubuhi. Ukiflashi maji yanapanda mpaka karibu na ukingo, moyo unakudunda, halafu yanashuka taratibu nusu saa nzima. Nimepampu na ule mpira mwekundu hadi bega linauma, wapi. Leo nimepita Gerezani nikanunua springi yenye mkono wa kuzungusha, elfu 35. Muuzaji kaniambia "unazungusha tu dada". Nazungusha kwenda wapi? Jumapili nina ugeni wa watu kama 25. Fundi sitaki. Nawasilisha.

Kiroboto: Watu 25 choo kimoja? Waambie waje wameshamaliza kwao 😂

Mzee_wa_Chemba: Binti, hapo shimo limejaa. Mimi masika ya 2019 nilibadilisha mafundi watatu, kila mmoja anakula hela yake anaondoka. Kumbe maji ya mvua yalikuwa yanaingia shimoni kupitia mfuniko uliopasuka! Gari la majitaka lilipokuja likakwama kwenye tope la uchochoroni, ikabidi vijana wa bodaboda walisukume. Siku hiyo mtaa mzima ulijua tunakula nini. Ita gari.

Kidoti_Tabata: Shimo halijajaa mzee wangu. Choo cha uani kinaingia shimo hilohilo na kinapitisha vizuri.

Bomba_Mstaafu: Basi kizibo kiko kwenye shingo ya sinki lenyewe, pale panapojikunja na kutunza maji ya kuzuia harufu. Hiyo springi ina bomba refu lililopinda mwishoni kama mkongojo, na mpira kwenye pindo? Au ni waya mtupu?

Kidoti_Tabata: Ina bomba, na mpira mweusi kwenye kona. Waya ukiutoa wote ni kama hatua moja ya mtu mzima.

Bomba_Mstaafu: Hapo hukuibiwa. Waya mtupu unachora sinki, inabaki mistari myeusi isiyotoka. Vuta mkono juu waya wote uingie kwenye bomba. Weka pindo kwenye tundu, mpira ndio ulalie sinki. Mkono mmoja ushike bomba lisicheze, wa pili uzungushe kulia kama unafunga kifuniko cha chupa ya maji, huku unasukuma kidogokidogo. Pakiwa pagumu usitumie nguvu: rudi nyuma kidogo, zungusha tena.

Sasa swali ambalo ningeanza nalo. Kimeingia nini humo? Uchafu unautoboa na kuusukuma mbele. Kitu hakisukumwi, kinanaswa na kuvutwa. Ukikosea hapo unakipeleka bomba la inchi 4, na huko ni habari ya kupasua sakafu.

Kidoti_Tabata: Karatasi tu.

Jirani_Mwema: Mwagia kostiki kilo moja, lala. Asubuhi utanishukuru.

Bomba_Mstaafu: Jirani, acha. Kostiki ikikutana na maji inachemka, na atakayeingiza springi baadaye itamrukia usoni. Na wewe dada, karatasi ya chooni haimalizi siku mbili ndani ya maji, ingekuwa imeshakuwa uji. Kimeingia nini?

Shangazi_Hafichi: Pampasi hiyo, naapa. Wasichana wa siku hizi choo wamekifanya jalala. Sisi tulikulia choo cha shimo, kila kitu kilikuwa na mahali pake. Ukimuuliza atasema ni dada wa kazi.

Kidoti_Tabata: Shangazi, sina mtoto mdogo wala dada wa kazi. Haya, si karatasi. Ni kipochi kidogo cha kitenge, cha zipu. Niliinama kuflashi kikachomoka kifuani, maji yakaondoka nacho. Basi.

Kiroboto: Kina shilingi ngapi? Natoka Segerea sasa hivi na miwani ya kuogelea.

Kidoti_Tabata: Hakina hela. Kina ufunguo.

Mzee_wa_Chemba: Ufunguo unachongesha mwingine kwa elfu mbili, choo kisikuumize kichwa.

Jirani_Mwema: Au funga sumaku kwenye kamba uizamishe.

Bomba_Mstaafu: Funguo nyingi za kufuli ni shaba, sumaku haizishiki. Ufunguo wa nini, dada?

Kidoti_Tabata: Wa sanduku la kikoba. Tuko washika funguo watatu. Jumapili tunavunja, mgawo unafanyikia kwangu. Ndiyo maana sitaki fundi: fundi wa mtaa huu mkewe ni mwanachama. Na msinihubirie, nimeshajipanga. Mwenyekiti nimemwambia nina homa asije kabla ya Jumapili, na kufuli jingine linalofanana nimeshanunua endapo springi itashindwa. Nakata la zamani, naweka jipya, hakuna aliyepungukiwa shilingi.

Shangazi_Hafichi: Yesu na Maria.

Mhazini_Mbeya: Ngoja kwanza. Mimi mhazini wa kikoba mwaka wa saba. Unasema ufunguo ni wako, na mgawo ni kwako. Sanduku linalala wapi?

Kidoti_Tabata: Kwangu.

Mhazini_Mbeya: Anayelaza sanduku HASHIKI ufunguo. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya bei ya hisa. Kufuli tatu zina maana gani kama sanduku na ufunguo vinalala kitanda kimoja? Ama hujawahi kukaa kwenye kikoba na hii ni hadithi, ama unatuandalia ushahidi kwamba ufunguo ulipotea chooni. Na kufuli umeshanunua!

Chai_ya_Rangi: Nilikuwa nasubiri mtu aseme. CHAI hii wakuu. Kipochi kimechomoka, maji "yakaondoka nacho", choo kinaziba hapohapo wiki ya mgawo. Leteni vitumbua. Uzi bila picha mimi siuamini.

Kiroboto: Ukipiga picha ya choo utafungiwa, usipopiga wewe mwizi 😂

Kidoti_Tabata: Kufuli ziko tatu, mimi nina ufunguo mmoja. Mwizi gani huyo? Sanduku lilikuwa kwa mama mmoja, akahamia Morogoro mwezi wa tatu, likaletwa kwangu kwa muda, "kwa muda" ikawa mpaka leo. Ufunguo nilitaka kuurudisha, wote wakasema Kidoti tunakuamini. Na ulikuwa kifuani kwa sababu kamati ilisema usitoke mwilini. Nimekuja kuuliza choo, mmegeuka polisi.

Mhazini_Mbeya: Vikundi vinatakiwa kusajiliwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Chenu kimesajiliwa? Katiba yenu inasemaje mshika ufunguo akipoteza?

Mzee_wa_Chemba: Mke wangu wa kwanza alikuwa kwenye kikoba. Nasema wa kwanza.

Bomba_Mstaafu: Mahakama ahirisheni kidogo. Dada, kitambaa ndicho rahisi kuliko vyote. Ingiza mpaka ncha iguse kitu laini kinachorudisha mkono. Zungusha kulia mara tatu nne kitenge kijisokote kwenye ncha. Halafu vuta bila kuzungusha kushoto, ukizungusha kushoto kinaachia. Weka ndoo karibu.

Kidoti_Tabata: Naingia.

Chai_ya_Rangi: Hatarudi huyo.

Shangazi_Hafichi: Mpigie mwenyekiti, mwanangu. Mbele ya watu watatu utaaibika. Ukikutwa unakata kufuli Jumamosi usiku itakuwa mbele ya 25.

Kidoti_Tabata: KIMETOKA. Mara ya kwanza kiliachia, ya pili kimekuja kimejiviringisha kwenye springi kama nyama ya mshikaki. Nimejaribu choo, maji yameshuka yote kwa mkupuo, yamefanya ile "gluu" yenyewe. Fundi Mungu akubariki na kizazi chako.

Kiroboto: Vigelegeleee! Ufunguo unang'aa?

Kidoti_Tabata: Zipu iko wazi.

Chai_ya_Rangi: Sukari vijiko viwili, tafadhali.

Bomba_Mstaafu: Dada, usiguse tena tangi. Unaposema umejaribu choo, umeflashi mara ngapi?

Kidoti_Tabata: Mbili.