Jamani, ni tui kweli linalotuua?

Jana baada ya isha, barazani Kuze, Mombasa, tulikuwa tukimzungumza jirani aliyeanguka ghafla akafa. Mzee mmoja akakata maneno: "Moyo huo. Nazi tu." Mimi nakataa. Bibi zetu walikaa juu ya mbuzi wakakuna nazi kila siku ya Mungu, na haya ya moyo hatukuyasikia hivi. Tena tazameni Marekani: vifo vya moyo vilipanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha kiwango kikashuka zaidi ya nusu. Serikali yao ilionya rasmi kuhusu sigara 1964, dawa za presha zikaja, hospitali zikaweka wodi za moyo. Tui halimo.

*Mkaazi wa Likoni:* Kaka, hatukuyasikia kwa sababu nani alipima? Mtu akianguka wakisema kijicho, au siku zake zimefika. Na wengi walikufa kwa malaria na ndui kabla moyo haujapata zamu.

*Muuguzi, Kisauni:* Na Finland je? Mkoa wa Karelia Kaskazini, kuanzia 1972, watu walishawishiwa kuacha siagi na sigara na kupunguza chumvi. Vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vikaporomoka. Siagi na nazi ni ndugu, mafuta yanayoganda. Usilitoe tui kesini mapema hivyo, ndugu yangu.

Dada, hapo umenibana. Lakini wa Likoni, walipimwa. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha vipimo vya watu wapata 1,000 upande wa Kisii, na presha ya juu hakuikuta, hata kwa wazee. Baadaye watafiti wakawafuata Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini: miezi michache tu, presha juu, uzito juu, chumvi kwenye mkojo juu, dalili ya kula chumvi zaidi. Watu walewale, damu ileile. Naam, Wajaluo hawapikii tui, kwa hiyo ushahidi huu hauisafishi nazi. Unaonyesha tu kwamba mji wenyewe unapandisha presha bila nazi.

Na yule mzee wetu, huku akiilaani nazi, alikuwa na sahani ya viazi vya karai mapajani. Alimwagia chumvi kabla hajaonja, akamrudishia kijana kikopo, kisha akakiomba tena.