Nampeleka mama Roma Oktoba: hizi tiketi za "Vatican bila foleni" nilipe au nisilipe?

Binti_Kibosho

Wanajamvi, salaam. Naomba ushauri wa haraka kabla sijatoa hela.

Mimi ni muuguzi, naishi kaskazini mwa Ujerumani, huu ni mwaka wa sita. Mama yangu yuko kwangu tangu Agosti, na kabla hajarudi Kibosho nimemwahidi Roma. Tunafika Jumatatu jioni, wiki ya pili ya Oktoba, na tunaondoka Ijumaa asubuhi.

Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, anatembea na fimbo. Lugha zake ni Kiswahili na Kichaga. Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Moshi, mama aliteremka kwa miguu tangu usiku na kaka yangu mgongoni. Alichoona ni kitu cheupe tu, mbali, juu ya vichwa vya watu. Hadithi hiyo tumekua nayo. Anachotaka Roma ni kusali kwenye kaburi lake, na ikiwezekana amwone Papa Leo. Sistina (kikanisa chenye michoro ya Michelangelo) na Colosseum (uwanja wa kale wa Warumi) ni hamu yangu mimi.

Sasa nimekuta kampuni inauza "Vatican na Basilika, kuruka foleni" kwa euro 89 mtu mmoja, masaa matatu, mwongozaji anaongea Kiingereza. Nyingine inauza "tiketi ya kumwona Papa" euro 35 kila mmoja. Kwa watu wawili inafika euro 248, na hatujagusa Colosseum. Ukurasa unaniambia zimebaki nafasi 3 na bei itapanda. Naogopa nisipolipa mama atasimama juani mpaka aishiwe nguvu. Nilipe?

---

Mswahili_Trastevere

Dada, shikamoo nyingi kwa mama. Usilipe leo. Hizo "nafasi 3" zitakuwepo na kesho.

Nimeishi Roma miaka 11, na tangu nikiwa mwanafunzi nimesindikiza wageni wa kutoka nyumbani: mapadre, masista, kwaya moja nzima, na akina mama wengi kama wako. Kitu kinachoniuma kila mara ni kuona mtu aliyejinyima miaka mingi anauziwa kitu ambacho Kanisa linampa bure.

Tangazo lako limefunga pamoja vitu viwili vyenye milango tofauti. Basilika ya Mtakatifu Petro unaingilia uwanjani, upande wa nguzo zile kubwa. Makumbusho ya Vatican, ambayo ndani yake kuna Kikanisa cha Sistina, mlango wake uko nyuma, barabara ya Viale Vaticano. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni dakika 15 hadi 20 ukizunguka ukuta kwa miguu, na kwa fimbo ya mama hesabu zaidi.

Kaburi analolitaka mama liko ndani ya Basilika, na kuingia Basilika ni bure. Hakuna tiketi ya kununua ili uingie. Kinachouzwa kwa jina lake mara nyingi ni mtu wa kutembea naye au kifaa cha kusikilizia maelezo. Foleni unayoiona uwanjani ni ya ukaguzi, mashine kama zile za uwanja wa ndege, na ukaguzi haumruki mtu hata awe amelipa euro 200. Dawa yake ni kuamka. Milango inafunguliwa saa moja asubuhi. Mkiwa pale saa moja kasoro robo, Jumanne, mtaingia na masista wanaowahi misa. Mkija saa nne mtakuta nyoka wa watu amezunguka uwanja mzima.

Ukishaingia, shika mkono wa kulia. La kwanza ni sanamu ya Michelangelo ya Bikira Maria amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani, iko nyuma ya kioo tangu iliposhambuliwa kwa nyundo mwaka 1972. Kikanisa kinachofuata ni cha Mtakatifu Sebastiani. Chini ya altare yake ndipo alipo Yohane Paulo, walimhamishia hapo mwaka 2011 baada ya kutangazwa Mwenyeheri. Hatua chache tu kutoka mlangoni. Kwa magoti ya mama ni baraka. Wapita njia wanapiga picha na kuondoka, lakini anayetaka kusali, mwambie mlinzi kwa ishara ya mikono tu, atawaonyesha pa kukaa.

Katekesi ya Jumatano, ndiyo hiyo ya kumwona Papa, nayo ni bure, na imeandikwa kwenye tiketi yenyewe kwamba ni bure. Anayekuuzia euro 35 anakuuzia safari yake ya kwenda kukuchukulia karatasi. Nenda mwenyewe siku ya Jumanne, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni, kwenye Mlango wa Shaba. Ukitazama Basilika, uko kulia kwako, mwisho wa nguzo. Utamkuta Mlinzi wa Kipapa wa Kiswisi na mavazi yake ya mistari. Mwambie watu wawili, atakupa. Kama una kikundi kikubwa ndiyo unaandika mapema kwa Ofisi ya Nyumba ya Kipapa. Jumatano fikeni saa moja na nusu, mchukue viti vya karibu na vizuizi, kwa sababu Papa hupita na gari katikati ya watu kabla ya kuanza. Mwambie mama abebe rozari zote za jumuiya yake, baraka ya mwisho inafika mpaka kwenye vitu vya ibada mlivyoshika. Na jueni kwamba asubuhi hiyo huwezi kuingia Basilika kutembea, ndiyo maana nasema Jumanne.

Kinachohitaji hela ni Makumbusho. Nunua kwenye tovuti yao wenyewe, tickets.museivaticani.va. Tazama herufi mbili za mwisho: anwani za Vatican zinaishia na .va. Nilipolipa mara ya mwisho ilikuwa euro 20 ya kiingilio na euro 5 ya kuweka nafasi. Hiyo euro 5 ndiyo "kuruka foleni" yenyewe: una saa yako, una mlango wako, unawapita waliosimama kununua dirishani. Yule wa 89 amenunua hiyohiyo ya 25, akaongeza mwongozaji na faida yake.

Mwongozaji simdharau. Mwenye leseni na anayeipenda kazi yake anaweza kukufungua macho, na pale Makumbusho kuna mambo ya kufunguliwa macho. Lakini fikiria mama yako. Ataongea Kiingereza masaa matatu, mama amevaa vifaa vya masikioni, wewe unamtafsiria kwa kunong'ona huku kundi linakimbia. Na ndani ya Sistina penyewe kuongea hakuruhusiwi, waongozaji wote humaliza maelezo yao nje, uani, mbele ya picha zilizobandikwa. Afadhali usiku mmoja kabla ukae na mama, umsimulie: dari lilichorwa kati ya 1508 na 1512, ile Hukumu ya Mwisho ukutani ilianza 1536 Michelangelo akiwa ameshapita miaka 60. Akiingia atajua anatazama nini.

Samahani kwa urefu.

---

Mwalimu_Nakuru

Dada, mimi niongeze la Colosseum, kwa sababu lilinikuta.

Nilinunua kwa wakala wa mtandaoni, nikalipa karibu mara tatu ya bei. Tiketi za Colosseum tangu Oktoba 2023 zina jina la mwenyewe na mlangoni wanaangalia kitambulisho. Wakala alituma tiketi mbili, ya mke wangu ikiwa na jina langu. Yule kijana wa mlangoni hakuwa mkali, alitikisa kichwa tu. Tukapiga simu kwa wakala, haikupokelewa. Muda wetu ukapita tukiwa nje tunatazama ukuta. Watoto wetu wawili walikuwa wamelipiwa pia, na baadaye nikasoma kwamba chini ya miaka 18 kiingilio ni bure, unaweka nafasi tu.

Nunua kwa tovuti rasmi, euro 18, inakupa na Jukwaa la Kirumi na mlima wa Palatino. Zinafunguliwa siku 30 kabla, kwa hivyo hesabu tarehe yako na uamke mapema siku hiyo. Andika majina kama yalivyo kwa pasipoti, yote matatu kama ni matatu. Usiandike "Mama".

Na usishangae ukikuta zimeisha upesi. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini ya karibu euro milioni 20 kwa kampuni iliyokuwa ikiuza tiketi hizo pamoja na mawakala kadhaa, kwa sababu tiketi zilikuwa zikinyakuliwa na programu za kompyuta, kisha mtu wa kawaida anabaki na chaguo moja: kununua kwa bei yao. Nilipoisoma habari hiyo nilimwonyesha mke wangu. Tulikuwa tumedhani ni uzembe wetu.

---

Mtu_wa_Bukavu

Jambo kwenu wote. Naungana na mkubwa wa Trastevere, ila mwongozaji kuna mahali ni lazima na ni halali kabisa. Chini ya Basilika kuna makaburi ya kale mpaka linapoheshimiwa kaburi la Petro. Huingii bila mwongozaji wa ofisi yao ya uchimbaji, wanapokea watu wapatao 250 tu kwa siku, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Unawaandikia wao moja kwa moja, tena mapema sana. Kwa Oktoba yako nadhani umechelewa, na kwa magoti ya mama mle ni pembamba, joto, na ngazi. Lakini wengine wanaosoma hapa wajue.

Pia katakombe za Mtakatifu Kalisti, njia ya Appia: mwongozaji yumo ndani ya bei ya tiketi. Jumatano wanafunga.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, Basilika na Makumbusho pia.

---

Binti_Kibosho

Asanteni sana, nimefunga ule ukurasa wa euro 89. Mavazi hayana shida, mama atavaa kitenge chake cha WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), amekibeba toka nyumbani kwa kazi hiyo.

Kaka wa Trastevere, Makumbusho mama ataweza kwa miguu?

---

Mswahili_Trastevere

Asitembee. Kutoka mlangoni mpaka Sistina ni karibu nusu saa ya korido hata usiposimama popote, na watu wanasukuma. Wana viti vya magurudumu, wanaazima bure, unaacha kitambulisho. Ulizia ukishapita ukaguzi tu, usingoje mpaka achoke. Chagua Alhamisi, si Jumanne, siku mbili za mwanzo ziwe za mama. Jumatano jioni mpeleke Bikira Maria Mkuu, alipozikwa Papa Fransisko. Bure pia, na ni karibu na kituo cha treni cha Termini.

Uwanjani St. Petro na Makumbusho kuna vijana wenye vitambulisho shingoni watakaokuambia Basilika imefungwa leo au foleni ni ya masaa manne. Wapite kwa heshima bila kusimama.

---

Binti_Kibosho

MREJESHO, kama nilivyoahidi.

Tumerudi jana. Makumbusho euro 50 kwa wote wawili, Colosseum 36. Jumla 86, pungufu ya ile tiketi ya mtu mmoja.

Jumanne tulifika uwanjani kukiwa bado na giza kidogo. Mbele yetu walikuwa watu kama 40. Askari akaiona fimbo, akatufungulia kizuizi cha pembeni, dakika kumi tuko ndani. Sikumwambia mama kwamba ni karibu hivyo. Alikuwa anatazama juu, kama kila mtu, nikamgeuza taratibu kulia. Nikamsomea jiwe: SANCTUS IOANNES PAULUS. Mlinzi akatuachia njia.

Alipiga magoti, magoti yaleyale. Nilitaka kumzuia, nikaacha. Alikaa pale muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniomba simu, tukatoka mpaka barazani, akampigia kaka yangu Moshi. Akamwambia, "Yule uliyemwona ukiwa mgongoni, leo mimi nimefika kwake." Kaka hakumbuki chochote, alikuwa na miezi minane. Alilia hivyohivyo.

Tiketi za katekesi nilizichukua jioni kwa yule mlinzi wa Kiswisi, dakika tano. Jumatano Papa Leo alipita upande wetu, mama alikuwa ameshika rozari 32 za jumuiya mkononi kama anauza.

Makumbusho kiti cha magurudumu kilituokoa. Sistina alitazama ukutani, akanivuta sikio akanong'ona, "Huyu anayeshushwa huyu, anajua kwa nini." Tukakemewa na mlinzi.

Colosseum ilikuwa Alhamisi saa tisa alasiri. Tukiwa tunatoka Makumbusho mama akauliza kama tunaweza kurudi kule kwa Yohane Paulo mara moja, kuaga. Tulipanda teksi kuzunguka ukuta, foleni safari hii ikawa dakika 50 kamili na sikumsikia akilalamika. Saa tisa ilipogonga tulikuwa tumekaa kwenye benchi mbele ya altare ya Sebastiani, tiketi mbili za Colosseum ziko kwenye simu yangu, mama anawataja mmoja mmoja watu wa Kibosho waliomtuma.