Nipo Berlin mara ya kwanza, nimepigwa faini ya euro 60 na tiketi ninayo mkononi. Nilipe au nikaushe?

Binti Lindi
Habarini wakuu. Nimekuja mafunzo ya wiki mbili, leo siku ya nne. Mji umenichanganya. Jua linazama saa tatu na nusu usiku, Magharibi naisubiri huku macho yanajifunga. Watu wanasubiri taa ya waenda kwa miguu na barabarani hakuna hata baiskeli. Kwenye treni nikawasalimia kwa Kijerumani changu cha kukariri, behewa zima likaniangalia kama nimeomba hela.

Sasa jana. Stesheni za huku hazina geti, unaingia tu. Nikanunua tiketi kwenye mashine, nikaitia kwenye pochi vizuri. Vituo viwili mbele, jamaa mmoja wa kapelo na begi la mgongoni, nikidhani ni abiria mwenzangu, akainuka na kutoa kitambulisho. Nikampa tiketi kwa kujiamini. Akaigeuza, akanionyesha kwa kidole: haijagongwa. Nikamwambia hela yangu imeshaingia mashineni. Akaomba pasipoti, kimashine chake kikatema karatasi: euro 60. Nifanyeje? Na Jumapili niko huru, niende wapi?

Mzee wa Kariakoo
Kausha, dada. Watakufuata Nachingwea?

Fundi Spree
Usimsikilize huyo. Niko huku mwaka wa sita. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na "mimi mgeni" wameisikia mpaka imewachosha. Pale unaposubiria treni kuna kisanduku chekundu au cha njano, unachomeka tiketi, kinapiga tarehe na saa. Ukinunua kwa programu ya simu hugongi kitu. Lipa kabla ya tarehe iliyo kwenye karatasi. Viza utaomba tena, deni la nini? Na siku ya kuondoka nunua tiketi ya kanda zote tatu, ABC, uwanja wa ndege uko ukanda C. Ukienda na ya AB watakupiga nyingine.

Binti Lindi
Mh! Hicho kisanduku mimi nilidhani cha kutupia tiketi zilizotumika.

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Jumapili maduka yamefungwa, nunua chakula Jumamosi. Ukisahau, stesheni kuu utapata. Chupa za plastiki za soda usitupe, rudisha dukani, kila moja senti 25.

Kwa kuwa ni wa Lindi, panda treni ya chini ya ardhi, U6, ushuke Naturkundemuseum, makumbusho ya viumbe. Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, yuko ukumbini, kimo mita 13.27. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, mifupa wakaibeba babu zenu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mimi nilisimama chini ya shingo yake nikashindwa kupiga hata picha. Ukitoka, U6 hiyohiyo hadi Afrikanische Straße. Kule kuna mtaa wa Tanga, wa Zanzibar, wa Usambara. Na Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters 1939, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, tangu 2024 kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Mzee wa Kariakoo
Warudishe mjusi kwanza, ndipo tuongee faini.

Binti Lindi
Nimeshalipa, mzee wangu, roho inauma. Niko njiani kwa mjusi sasa hivi. Tiketi nimeigonga mara mbili kwa woga. Hiyo nayo ni kosa?